Chumba cha Kumalizia

Nilishika mkasi kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto nikakunja ukingo wa kitambaa ambacho hakikuwa changu. Kilikuwa kimetandazwa juu ya miguu ya mke wangu kitandani, mchana kweupe, jua likiingia dirishani na kuviwasha viraka vyake kimoja kimoja: samawati, kahawia, wekundu uliochujuka kwa kufuliwa.

"Nakata," nikamwambia.

Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Sikutanii. Nakata katikati."

Viraka vile viliunganishwa kwa mkono na mama wa fundi viatu wa mtaani kwetu, na mama huyo alikuwa kaburini. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kukishona tena kitambaa kile. Nilikuwa na akili zangu timamu. Nilijua ninachotaka kufanya, na nilikuwa tayari kukifanya, ilimradi mke wangu afumbue macho anichukie.

Nilikuwa nimestaafu udereva wa malori. Ndoa yetu nzima nilikuwa kama mgeni anayefika na nguo chafu na kuondoka na nguo safi. Nilijua kona za barabara kuliko kona za nyumba yangu. Ndiyo maana sikujua vizuri kilichokuwa kikiendelea katika kile chumba cha mbele, ila kwamba kilijaa vitambaa hadi darini, kwamba ukikaa popote lazima uangalie pini, na kwamba wanawake waliingia na mifuko na uso wa kuomba radhi.

Watu wengi huanza mifarishi, yale matandiko ya viraka vya nguo. Hukusanya gauni la shangazi aliyefariki, shati la mtoto aliyekua, pazia la nyumba waliyohama. Hukata viraka, huviunganisha, halafu nguvu huwaishia. Kitambaa cha juu hukaa kabatini miaka. Mwishowe aibu huwazidi, wanamletea mke wangu. Yeye aliweka bitana chini, pamba katikati, viraka juu, akapiga bandi ili tabaka zote tatu zisihame, kisha akazishona pamoja kwa mistari ya mawimbi na kuzungushia utepe ukingoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Malizia.

"Kuanza ni harusi," alikuwa akiwaambia. "Kumaliza ndiyo ndoa."

Mabaki ya vitambaa hayakutupwa. Alishonea mifarishi midogo, kila mmoja kama foronya, kwa ajili ya watoto njiti wa hospitali, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Muuguzi wa wodi yao alipitia nyumbani kuichukua, na mke wangu alimkabidhi akisema, "Wapelekee wateja wangu. Hao ndio pekee wasioniuliza itakuwa tayari lini."

Kiharusi kilimkuta pale pale kwenye cherehani. Mimi nilikuwa sebuleni na redio yangu. Niliisikia cherehani ikiunguruma, kama siku zote, ila safari hii haikupumzika. Iliunguruma na kuunguruma kama gari lililokatika breki mteremkoni. Nilipoingia, mguu wake ulikuwa umelalia pedali, shavu limelalia kitambaa, na sindano ilikuwa ikitoboa mahali pamoja bila kuchoka.

Hospitalini walimrudisha nusu. Upande wa kulia haukuwa wake tena, na maneno yalikuwa yamemtoka yote. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alituambia mimi na shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu: "Akili yake ipo. Anasikia kila kitu, na kumeza anaweza. Anachohitaji ni kusaidiwa, na yeye mwenyewe atake."

Na yeye mwenyewe atake. Nilirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango.

Kwa sababu hakutaka. Shemeji alihamia kwetu na begi lake, akapika uji, akaupoza, akapeleka kijiko mdomoni. Mke wangu alifunga midomo. Si kwa hasira. Aliifunga taratibu, kama mtu anayefunga dirisha kabla ya kwenda kulala. Tulibembeleza, tukaimba, shemeji akagomba, mimi nikasimulia mizaha ya barabarani ambayo zamani ilimchekesha. Kijiko kilirudi kama kilivyokwenda. Vijiko viwili vitatu vilipita kwa bahati, vingine vilimwagika shingoni.

Halafu wateja wakaanza kuja.

Walikuja kwa heshima. Walileta matunda, waliinamisha vichwa. "Pole sana, baba. Tunamwombea. Ila kile kitambaa changu... si kwamba nakimbilia, ni binti anaolewa." Niliwafungulia chumba cha mbele, kila mmoja akatafuta mali yake kwenye rafu, akaikunja, akaondoka. Ukuta wa kati ya chumba kile na chumba chetu ni mwembamba. Mke wangu aliwasikia wote. Kila mlango ulipofungwa, nilimkuta amegeuza uso kidogo zaidi kuelekea ukutani, hadi ukafika wakati nikawa nazungumza na kisogo.

Wa mwisho alikuwa fundi viatu. Alisimama kizingitini akipangusa viganja vyenye rangi nyeusi ya kiwi.

"Nimekuja kumwona mama," alisema. "Na kile kitambaa, mzee."

Sijui nilipatwa na nini. "Kitambaa kiko kwenye foleni," nikasema, kwa sauti ya kupita ukuta. "Kitashonwa."

"Kitashonwa na nani?"

"Na mimi."

Aliitazama mikono yangu, mikono ya usukani na spana. "Wewe, mzee?"

"Kwani wewe ulizaliwa ukishona viatu?"

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeogopa kukataa. Lakini alipofika getini aligeuka, na hakuwa akicheka tena. "Mzee, ule ni mkono wa mama yangu."

"Najua," nikamwambia.

Nikaketi kwenye cherehani. Sikuthubutu kuanza na kazi ya marehemu. Nilianza na mabaki, na mifarishi ya watoto. Nilikuwa nimeendesha malori yenye magurudumu mengi kama watoto wa darasa zima la shule, lakini kile chombo cha mezani kilinishinda. Nikikanyaga, kinaruka. Nikiachia, kinazima. Uzi ulijisokota chini ya kitambaa kama nywele za kichaa. Siku moja nilishona mkono wa shati langu pamoja na mfarishi, nikabaki nimefungwa mezani, nikiita kwa sauti ya chini nisije nikasikika. Shemeji alikuja, akaniangalia, akaninasua kwa wembe.

"Shemeji," akasema, "mgonjwa anahitaji uji. Hahitaji ngoma."

"Amesikia?"

"Mtaa mzima umesikia." Kisha akasita, wembe mkononi. "Alikunja uso. Ile mashine ilipokwaruza, alikunja uso."

Niliyashika maneno hayo kama mtu anayezama. Kumbe yumo! Kumbe kuna kitu bado kinamuudhi! Kuanzia hapo nilishona vibaya kwa makusudi. Nilifungua milango yote miwili. Nililegeza uzi, nikapindisha mistari, nikaiacha sindano igonge chuma, kisha nikakimbilia chumbani kutazama kipaji cha uso wake. Mara ya kwanza kilikunjamana, na mara ya pili pia. Halafu hakikukunjamana tena. Alizoea, kama watu wa kando ya reli wanavyozoea treni. Mashavu yakazidi kuingia ndani. Binti yetu aliyeolewa mbali alilia kwenye simu: "Baba, mwache mama apumzike." Nikakata simu, na sikumpigia tena wiki ile.

Ndipo muuguzi alipokuja kuchukua mifarishi ya watoto. Aliingia kwanza kumwona mke wangu, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta ngozi ya mgongo wa kiganja kidogo na kuitazama inavyokawia kurudi. Kwenye ujia alinisogelea.

"Baba," alinong'ona, "mjiandae."

Nilimpa mfarishi mmoja mdogo, ule niliodhani ni bora kuliko yote niliyoshona. Aliugeuza, akapitisha kidole chini yake, na kidole kikanasa kwenye kitanzi cha uzi. Alijitahidi sana asinivunje moyo.

"Vidole vyao ni kama njiti za kiberiti," alisema. "Huu utawanasa. Samahani, baba."

Akaondoka mikono mitupu. Niliusokomeza ule mfarishi mfukoni, nikaenda chumba cha mbele, nikashusha kitambaa cha fundi viatu kutoka kwenye rafu, nikachukua mkasi mkubwa.

Na sasa nilikuwa nimeinama juu yake. Nilifungua na kufunga makali hewani mara kadhaa ili asikie chuma kinavyoitana. Huyu mwanamke aliwahi kumfukuza mgeni mezani kwa kosa la kukata karatasi kwa mkasi wa vitambaa. Nilingoja. Kope zake hazikutikisika. Nikaingiza kitambaa kati ya makali, pale kwenye kiraka chekundu, na kwa kuwa ilibidi nitazame ninapokata, nikaiona mishono ya marehemu.

Haikuwa imenyooka. Ilipanda na kushuka kama hatua za mtu aliyebeba mzigo. Mahali fulani uzi mweupe ulikuwa umemwishia, akaendelea na wa kijani, bila haya, kwa sababu ndio aliokuwa nao.

Mkasi ukanishinda uzito. Niliuweka sakafuni, nikapiga magoti, nikalaza kichwa ukingoni mwa kitanda. Maarifa yote yalikuwa yamekwisha: vitisho, nyimbo, mizaha, makelele. Lililobaki lilikuwa neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu, wala siku ile lori liliponing'inia darajani nami nikiwa ndani.

"Naogopa," nikamwambia. "Mke wangu, naogopa."

Nililia kama nilivyokuja duniani, bila adabu. Sikumbuki ni kwa muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba kitu kilinigusa ubavuni, chepesi kama panya, nikadhani shati limenikaa vibaya. Ulikuwa mkono wake wa kushoto. Haukuwa ukinibembeleza. Ulikuwa mfukoni mwangu. Ulivuta ule mfarishi mdogo ukatoka nusu, na ukucha wake ukawa unakwangua, unakwangua, kwenye kile kitanzi cha uzi.

Nikainua kichwa. Macho yalikuwa wazi, na yalinitazama kama yanavyomtazama mtu aliyekanyaga shuka safi.

"Fu," akasema.

Nilidhani anatafuta pumzi. Nikamwinua kwenye mto. "Maji? Unataka maji?"

"Fu... mu..." Mshipa ulimtutumka shingoni. Nusu ya mdomo ilivuta ile nusu nyingine kama gari linalovuta gari bovu. "Fumua."

Shemeji alikuwa mlangoni na bakuli. "Amesema nini?"

"Amesema nifumue."

"Sasa unangoja nini?" akapiga kelele, machozi yakimporomoka hadi ndani ya uji. "Si ufumue!"

Nilifumua. Nilikaa kitandani na wembe ule ule, nikakata uzi mmoja mmoja, na kila niliporuka mahali, ukucha ulirudi kunionyesha. Katikati ya kazi hiyo shemeji alipeleka kijiko, na mke wangu, macho yakiwa mikononi mwangu asije akapitwa na kosa, akafungua mdomo ili kijiko kisimzuie kuona. Akameza. Mimi na shemeji tulijifanya hatukuona.

Hakupona. Mkono wa kulia haukurudi, na mguu aliuburuta hadi mwisho. Maneno yalirejea kwa shida, na ya kwanza kurejea yote yalikuwa ya kunigombeza. Tulimwekea kiti chenye mito kando ya cherehani, naye akanifundisha kazi kwa kidole kimoja na matusi matano. Kitambaa cha fundi viatu kilinichukua msimu mzima. Alipokuja kukichukua alikitandaza mezani, akafuata mishono ya mama yake kwa kidole, kisha akafuata yangu iliyopita kando yake, nayo ikipanda na kushuka. Baadaye alituletea viatu, jozi mbili, na cha mguu wa kulia wa mke wangu kilikuwa na soli nene zaidi, ya kumsaidia kuburuta.

Tuliishi hivyo miaka kadhaa, na naweza kuapa kwamba hatukuwahi kukaa pamoja muda mwingi hivyo tangu tuoane. Wateja walirudi. Muuguzi alirudi, akapitisha kidole chini ya kila mfarishi, na kidole hakikunasa.

Kilipokuja kiharusi cha pili, ilikuwa asubuhi, chai yake ikiwa bado inatoa mvuke. Nilikuwa kwenye mstari mrefu, ule unaovuka mfarishi kutoka pembe hadi pembe, naye alikuwa kando yangu akihesabu makosa yangu. "Polepole," alisema. "Polepole, wewe. Nyoosha..." Hakuongeza kitu. Nilingoja neno linalofuata, maana hakuwa mtu wa kuniachia nusu ya lawama, na halikuja. Nilijua kabla ya kugeuka kwamba amekwisha kwenda. Mguu wangu haukutoka kwenye pedali. Nilinyoosha kama alivyotaka, polepole, hadi ukingoni, nikakata uzi, ndipo nikageuka.