Umeme Uliomrudisha Keti

Keti alikuwa ameshalifikisha sanduku lake kwenye ngazi umeme ulipomlowesha viatu. Ulikuwa mzito kama asali iliyopashwa moto, wala haukumchoma. Ulitoka maabara, kwenye ule utando wa kaboni alioubandua kwa utepe wa kunata, ganda baada ya ganda, mpaka ukabaki unene wa chembe moja, akaufunika kwa fuwele juu na chini. Katika waya wa kawaida kila elektroni hujikwaa kivyake kwenye uchafu. Utando wa Keti haukuwa na uchafu. Elektroni zilisukumana zenyewe kwa zenyewe, zikaenda pamoja kama uji, zikafurika.

Bi Maureen, mfagizi, akasimamisha kibao cha sakafu telezi. "Manchester hii! Mvua nje, umeme ndani. Nyanyua miguu, mwanangu."

Mkondo wa namna hiyo, penye mlango, sehemu yake hugeuka ikarudi ilikotoka. Ukambeba Keti na sanduku lake, ukamtua mezani kwake, mbele ya Callum, mwenzake wa maabara.

Callum alifurahi hata akaona haya. Miaka yote ya kazi pamoja walikula chipsi pakiti moja.

"Umerudi."

"Nimerudishwa. Kibali changu cha kuishi hapa kinakwisha kesho, wala hawakiongezi. Profesa Ormerod kawaambia wakubwa utando umeutengeneza wewe, na wabanduaji kama mimi wako tele."

"Najua."

"Si ulikuwemo mkutanoni? Hata kukohoa hukukohoa, Callum!"

"Profesa yuko ofisini kwake juu. Nitamwambia."

"Haya, panda."

Callum akaitazama ngazi. Akasema labda wanywe chai kwanza. Akabandika birika.

Keti hakuwahi kuugusa utando ule bila glavu. Akaiinua fuwele ya juu, akaukandamiza kwa kidole gumba kitupu. Jasho likaingia. Elektroni zikaanza kujikwaa, kila moja na lake, na sakafu ikakauka. Akabeba sanduku, akatoka kwa miguu yake. Callum alikuwa bado anatafuta vikombe.

Siku hizi Keti anafundisha hesabu watoto wa shule huko kwao Kutaisi, na simu za Manchester hapokei. Bi Maureen alistaafu kwa sababu ya magoti. Ormerod alivishwa nishani. Callum alipewa cheo. Kila utando anaoubandua hutoka mchafu, na ule mmoja uliofurika bado unaitwa wake.