Matone Bila Mvua

"Hodi! Yule Keneth aliyemaliza chuo anakaa hapa?"

Keneth alitoka na mswaki mdomoni. Mlangoni alisimama mzee asiyemjua, amekumbatia furushi.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mimi ni Constantine, katibu wa kwaya." Akafungua furushi: sare nyeupe, kola zimejaa madoa meusi ya ukungu. "Kazi ya Milembe hii. Anasema kibanda kinavuja, na fundi ni wewe. Kama anadanganya, leo kazi tunampa mshonaji mwingine."

Cherehani ndiyo iliyomlisha Milembe, jirani wa Keneth, na mama yake. Kiangazi, Keneth alimjengea kibanda cha mbao bustanini, nyuma ya mchicha. Ng'ombe wakipelekwa mnadani, vumbi lilitanda hadi kwenye nyuzi, kwa hiyo aliziba kila upenyo chini ya bati. Alijisifu sana.

Walikwenda hadi kibandani, wakaingia. Harufu ya uvundo ikawapokea.

"Karibu, injinia," Milembe alisema bila kuinua macho. "Umekuja kuziba na pua yangu?"

Mzee akacheka. Keneth alipitisha kiganja chini ya bati, kikarudi kimelowa. Usiku mvua haikunyesha. Vitambaa vibichi vilining'inia kwenye kamba. Tangu mvua zianze, Milembe alikuwa akianika humo ndani.

"Hakivuji, baba. Unyevu wa vitambaa unapanda, unakuta bati limepoa, unadondoka. Mimi ndiye niliyeziba njia yake ya kutokea."

"Na kanisani wananiita mchafu," Milembe alisema.

Keneth alitamani ardhi immeze.

"Kesho asubuhi nakuja," mzee alisema. "Nikikuta bati kavu, kazi ni yake."

"Utalikuta kavu."

Keneth alikata matundu mawili chini, upande unakotokea upepo, na mawili juu kwenye ukuta wa pili, ili hewa iingie na kutoka na unyevu wake. Kamba akaihamishia nje, chini ya upenu. Kilichokosekana ni nyavu za kuzuia mbu na vumbi. Dukani, muuzaji Ngeleja alitikisa kichwa: mzigo bado uko njiani, labda keshokutwa.

Keneth alirudi chumbani kwake, akautazama wavu wa dirisha lake. Ndiyo kwanza ametoka kuugua malaria. Angeweza kumwambia Milembe asubiri nyavu. Akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari.

"Umeupata wapi?" Milembe aliuliza alipomwona akiukata vipande.

"Nyumbani."

"Na mbu wa huko, kaka?"

"Nitajifunika shuka. Nishikie hapa."

Asubuhi mzee Constantine alipitisha kiganja chini ya bati, akakitazama, akapitisha tena. Kikavu. Aliliweka furushi juu ya cherehani.

"Na haya madoa?"

"Nitayafua mimi," Keneth alisema, akijikuna mikono iliyovimba, akaenda kuchota maji.