Programu Ilipopunguzwa Unene

Jumatatu asubuhi Recho, mfanya usafi wa ofisi ya maboza ya maji huko Mikocheni, alikuta programu imetoka nje ya kompyuta na kujaa korido. Mistari yake ilikuwa minene kama mkono wa mtoto, imejizungusha hadi kwenye kitasa cha choo. Akaifuta vumbi, akaendelea kupiga deki.

Programu hiyo ndiyo iliyopanga boza lipi liende mtaa gani. Hakuna aliyeiandika. Tupokigwe, mtaalamu wa kompyuta, alikuwa akifuga programu nyingi kama kuku: zilizopata alama nzuri alizipandanisha zikazaa nyingine, dhaifu akazifuta. Alama nzuri zilikuwa za ile inayofanya maboza yatumie mafuta kidogo na kuleta malalamiko machache ya wateja. Shida ni kwamba kila kizazi kilizaliwa na maneno mengi kuliko wazazi wake, na mengi hayakuwa na kazi yoyote. Yalikaa tu, yananenepa.

"Tupo, hii kitu imeingia mpaka kabati la chai," alisema bosi wao, Baqir. "Ipunguze bana."

Tupokigwe alijaribu kuikata kwa kisu, ikachipua upya. Ndipo akaweka sharti: programu ikirefuka bila faida, inapunguziwa alama. Vizazi vipya vikaanza kukonda. Kufikia mchana korido ilikuwa inapitika, na juu ya kompyuta kilibaki kitawi kimoja chenye majani matatu. Kila jani lilikuwa na maandishi. Nenda Mikocheni. Nenda Kipawa. Goba usipande.

Tupokigwe alisoma mara ya pili. Mama yake anakaa Goba, juu kabisa kilimani, na kila alipomwambia kwamba boza halionekani, yeye alimjibu avumilie, mtambo bado unajifunza. Alishtuka, akaona aibu, akashtuka tena. Ule unene wote wa kwenye korido ulikuwa umelifunika jambo hili moja.

Akampigia.

"Shikamoo mama. Mbona huko hamkulalamika?"

"Marahaba. Tulalamikie wapi, mwanangu? Si ule ujumbe wa kutoa maoni unatumwaga boza likishashusha maji? Sie boza halijaja, na ujumbe haujaja. Jana nimeoga maji niliyooshea mboga."

Bila kukata simu, Tupokigwe alimgeukia bosi. Programu imegundua kwamba kilima kinakula mafuta, akasema, na kwamba asiyepelekewa maji hana pa kulalamikia.

Baqir akaligeuza jani la Goba kwa kidole. "Alama zake?"

"Za juu kuliko zote tulizowahi kupata."

"Basi iache hivyohivyo. Imependeza sasa."

Akaagiza kitawi kitiwe kwenye chungu, kiwekwe karibu na dirisha. Mama alikuwa bado yuko hewani, anaita, "Haloo? Tupo?" wakati Recho alipoleta jagi la maji na kukimwagia kitawi lote.