Picha Iliyoanza na Weusi

Weusi wa kioo haukuwa mmoja. Hilo ndilo aliloliona kwanza, sindano mkononi, shati la mjomba wake magotini. Sehemu ya juu ya kioo cha televisheni ilikuwa na weusi wa kitambaa kilichofuliwa mno, unaoelekea kahawia. Chini yake weusi mtupu. Na mpaka kati ya weusi huu na ule ulikuwa unashuka, taratibu, kama pindo linaloshonwa na mtu mvivu.

Hakusema. Majirani walimwita Kimya, naye hakubisha, maana kubisha nako kunataka maneno.

Mjomba wake alikuwa fundi wa televisheni. Kompyuta iliyokuwa mbele yake ilikuwa mali yake tangu ujana, nene kama tofali, ya kuchomeka kwenye televisheni ya kawaida. Siku hizi watu wakiiona huuliza kama ni taipureta. Katika tundu lake alikuwa ametia disketi yenye picha ya mama yake Kimya, ambaye alikuwa dada wa fundi. Zamani, kwenye maonyesho ya mashine mpya, watu walipigwa picha kwa kamera iliyounganishwa na kompyuta, kisha kila mtu akapewa disketi yake aende nayo nyumbani. Dada mtu akarudi nayo akijidai, wakakuta hawana programu ya kuifungulia. Akaitupia kwenye kopo la vifungo.

Kisha akafariki, Kimya akiwa hajaota meno ya pili, na fundi na mkewe wakamchukua wakamlea. Halafu paa likavuja juu ya sanduku la albamu, picha zote za karatasi zikagandana zikawa uji. Ikabaki disketi.

Juzijuzi wapenzi wa mashine kuukuu wakamwambia fundi kwamba kuna mtu, wala hawamjui sura, ameandika programu ya kufungulia picha za aina ile kwenye kompyuta za aina ile, tena anaigawa bure. Rafiki mmoja akamnakilia. Asubuhi hiyo fundi alikuwa ameijaribu mara mbili. Mara zote mbili kioo kilikuwa cheusi, akazima. Hii ilikuwa mara ya tatu.

"Giza tena?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni, kikombe mkononi. "Si cha bure hicho? Ulitaka kikupe na chai?"

"Niache, mama. Disketi imezeeka, kila ikisomwa inachubuka. Nikizidi kuihangaisha nitaiua, na ndani hakuna mtu mwingine ila dada yangu." Fundi akashusha pumzi. "Programu imeganda. Bora nizime, niitunze, pengine atatokea mwenye akili kunizidi."

Akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime," Kimya akasema.

Mke wa fundi akaangaza huku na huku. "Nani kasema? Tuna mgeni?"

"Haijaganda, mjomba." Sauti yake ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. "Inachora. Hapo juu ni kitambaa cheusi. Tazama ukingo wake, unashuka."

Fundi akasogeza pua mpaka ikakaribia kugusa kioo. "Lo! Kweli. Inapiga mstari, inapumzika. Inapiga mstari, inapumzika."

"Kama wewe na kazi za nyumbani," mkewe akasema, lakini kikombe alikuwa ameshakiweka chini.

"Sasa kitambaa nusu ya picha nzima? Nani anapiga picha kitambaa?" fundi akauliza.

Ukingo ulishuka ukapita katikati ya kioo, na hapo chini zikaanza kutokea nywele. Fundi akajipiga paja.

"Alikuwa mfupi! Jamani, alikuwa mfupi! Nyuma walitundika kitambaa cheusi, kamera wakaitega kwa kimo cha watu warefu, wakamletea kigoda apande, akakataa. Akawaambia yeye si mtoto anayepelekwa kunyolewa. Mimi nilikuwepo, nilicheka mpaka nikatolewa nje! Nimewezaje kusahau?" Alikuwa anacheka bado, na machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Paji la uso likaja. Nyusi zikaja. Macho yakaja, moja limefinywa kidogo, kama la mtu aliyeambiwa asicheke. Rangi zilikuwa chache, mashavu ya zambarau, pua ya miraba midogo midogo. Mdomo ulipokamilika picha ikaisha. Kidevu hakikupata nafasi.

"Huyo aliyeandika hii programu," fundi akasema, "hatujui, hatujui kabisa. Amekaa huko kwake akafanya kazi yote hii, asitake hata senti. Popote alipo, Mungu amjalie watu wake wamkumbuke hivi."

"Amina," mkewe akasema. Akalichukua lile shati magotini mwa Kimya, akaanza kulishona mwenyewe, ili mtoto atazame vizuri. Baada ya kitambo akasema, "Umeona sasa? Kila siku nakwambia umefanana naye, nawe unaitikia kwa kichwa tu."

Kimya hakubandua macho kwenye kioo.

"Nilikuwa nawaitikia tu, mkaza mjomba. Mlikuwa mnafurahi mkisema hivyo. Lakini sura yake sikuwa naikumbuka. Hata kidogo. Asanteni. Asanteni sana. Sasa ninayo."