Mlango wa Chumba cha Giza

Msichana alisimama juani mbele ya watu ishirini na kitu, kadi ya kumbukumbu ya kamera ikiwa juu ya kiganja chake, akasema, "Nimefuta kazi yote ya asubuhi. Nilidhani nimeshainakili. Ni mimi."

Mwongozaji wa filamu, mtu mwenye ulimi wa pilipili, alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Yote?"

"Yote."

"Bahati yako jua bado lipo. Haya jamani, tunarudia. Na wewe, ukishamaliza kulia, nenda ukale."

Watu wakacheka kidogo, wakarudi kwenye nafasi zao. Yakaisha hapo.

Popo alikuwa kivulini akichaji betri za kamera. Jina hilo alipewa enzi za filamu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya gizani: kutia mikono ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga na, kwa kupapasa tu, kutoa filamu iliyokwisha kupigwa na kuweka mpya. Wenzake walisema vidole vyake vina macho. Zilipokuja kamera za dijitali, mfuko ukatundikwa ukutani, na vile vidole vyenye macho vikakabidhiwa betri. Alilizoea hilo, hata akalifanyia mzaha: popo kahamishiwa zamu ya mchana. Lakini leo betri ilimponyoka mkononi. Ni mimi. Maneno mawili tu, na yeye yalikuwa yamemkaa kooni miaka thelathini na mmoja.

Alijaribu kujitetea. Siku hizi kukiri ni rahisi, alijiambia, kazi inarudiwa kabla chai haijapoa. Lakini msichana hakujua kama watarudia alipokuwa akijikokota kuelekea katikati ya watu wale. Popo alimwonea wivu, wivu mchungu wa mtu mzima, akaomba ruhusa akaondoka.

Mwaka ule, miaka thelathini na mmoja nyuma, walichoma nyumba kwa ajili ya filamu. Ilikuwa nyumba ya mbao iliyojengwa makusudi iteketee mara moja mbele ya kamera moja, na iliteketea vizuri hata watu wakakumbatiana. Desturi ya Popo ilikuwa kuuzungushia utepe kila mkebe wa filamu iliyopigwa, na kuuandika, kabla hajafanya jambo jingine lolote. Jioni ile alikimbilia kukumbatiwa. Kesho yake, akipanga mikebe, akakuta mmoja hauna utepe. Ulikuwa mwepesi, kwani filamu yenyewe ilikuwa ya dakika nne tu. Akadhani ni mtupu, akaufungua dirishani. Alipoiona filamu imejikunja humo ndani aliufunika kufumba na kufumbua, ila filamu haihitaji mwanga zaidi ya huo ili iharibike. Akauzungushia utepe, akauandika namba kwa mwandiko mzuri, akaupeleka maabara.

Aliyesafisha filamu maabara alikuwa kaka yake wa tumbo moja, yule yule aliyemtafutia kazi. Filamu ilitoka nyeusi tii, mwanzo hadi mwisho. Mkuu wa maabara akasema mlango wa chumba cha giza uliachwa wazi. Kaka akasema aliufunga. Alipoulizwa mara ya tatu, akasema anadhani aliufunga. Wiki ile ile akafukuzwa, na maabara nyingine zote zikawa zimesikia. Popo alikwenda nyumbani kwake kumpa pole, akala na chakula.

Leo Popo alipobisha hodi, kaka alimfungulia mwenyewe. "Karibu, mdogo wangu. Mbona mapema? Wamekufukuza na wewe?"

Alifunga komeo, akausukuma mlango kwa bega. Alipokaribia kiti akageuka, akarudi kuusukuma tena. Familia nzima ilimcheka kwa tabia hiyo, na Popo alikuwa akicheka nao.

"Kaka," alisema kabla hajaketi, "ule mlango wa maabara uliufunga."

Kisha akamweleza yote: mkebe, dirisha, utepe. Kaka alisikiliza akiwa amesimama, mkono bado uko kwenye komeo.

"Niliufunga," alisema hatimaye.

"Uliufunga. Filamu iliharibika kabla haijafika kwako. Ni mimi."

Popo alingoja atukanwe, na angetukanwa angeshukuru. Kaka alisogea taratibu, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mama alikuwa akiniuliza," alisema. "Hata alipolazwa. 'Mwanangu, hivi ulisahau vipi?' Nikamwambia nilikuwa nimechoka."

Popo alifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia bila kujizuia, kilio kibaya cha mzee. Kaka hakumgusa, wala hakumwambia anyamaze. Aligeukia upande wa jikoni, akaita kwa sauti ambayo haikuwa na hasira wala furaha.

"Mama watoto! Hebu njoo."

Mkewe alitokea na povu la sabuni viganjani. "He, shemeji, kumbe upo? Kuna nini, mbona machozi?"

"Mwambie," kaka alisema. "Mwambie na huyu. Anzia kwenye mkebe."

Popo alijifuta kwa mkono wa shati, akamtazama shemeji yake, akaanza upya.