Kabla Injini Haijafunguliwa

Mkunga aliporudi kutoka kazini alikuta boneti ya gari lake iko wazi, na mumewe ameinamia injini kama mtu aliyefiwa.

"Mama watoto, gari limekwisha," mume alisema. "Silinda zote nne zimechoka. Mgandamizo wa hewa ndani yake uko chini kote."

Mume alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa muda mrefu alikuwa akipigia debe pistoni mpya na mikono yake, konrodi, vyote vigumu zaidi, ili turbo isukume hewa kwa nguvu zaidi. Siku hiyo aliazima geji ya mgandamizo apime kama injini ingestahimili. Sasa alikuwa na hoja mpya: maadamu lazima ifunguliwe, iwekwe vyuma vya maana kabisa.

Zahanati ya mkunga ilikuwa ng'ambo ya mlima, na wajawazito wa huko hawakuwa na gari jingine la kuwafikisha hospitali kubwa. Injini ikishushwa, gari lingekaa juu ya mawe kwa wiki kadhaa. Na kulikuwa na mama mmoja wa mapacha ambaye wakati wowote angeshikwa na uchungu.

"Umemwita mtu mwingine aangalie?"

"Mdogo wangu yuko njiani."

Mdogo wa mume alikuwa fundi wa injini, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko spana. Alifika, akachungulia, akaguna.

"Kaka, gari hili lingekuwa na ulimi lingekushtaki. Umelipimaje?"

"Nimetoa plagi, nimefunga geji, nimezungusha starta."

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Hakuna. Nimeunganisha waya, nikazungushia hapa hapa mbele."

Fundi alijishika kiuno. Alihakikisha moto wa plagi na petroli vimekatwa, kisha akageuka. "Shemeji, ingia ndani. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, usiachie, halafu zungusha ufunguo."

Mkunga alikanyaga. Starta ililia. Kupitia upenyo chini ya boneti aliona vidole vya mumewe tu, vimeing'ang'ania geji.

"Inapanda!" mume alipiga kelele. "Jamani, inapanda!"

"Itaachaje? Usipokanyaga mafuta, njia ya hewa imefungwa. Umeiziba pua injini ya watu, kisha unatangaza msiba!"

Walipima silinda zote. Zote zilikuwa nzima. Mkunga alishusha pumzi kwa nguvu hata shemeji yake akamsikia.

"Basi kama ni nzima," mume alianza, "pistoni ngumu zitakaa vizuri zai—"

"Baba watoto, mimi simpeleki mtu kupasuliwa kama anaweza kuzaa mwenyewe."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, umejibiwa. Kwa nguvu ya turbo uliyonayo sasa, vyuma hivi vinatosha. Viache."

Mume aliitazama injini, kisha akatabasamu kama mtu aliyetuliwa gunia. "Kusema kweli, sikujua ningeirudishaje."

Akaanza kurudisha plagi, moja baada ya nyingine, kwa mkono kwanza, kisha kwa spana. Mkunga alibaki kwenye kiti, akatoa simu, akampigia mama wa mapacha.

"Habari za huko? Hapana, hakuna tatizo. Gari lipo. Ukisikia chochote, niite."