Ua la Piko kwenye Nati

Fundi Bakary wa Kilwa Masoko alikuwa na sharti moja, na kwa sharti hilo aliwachosha watu: nati ikishakazwa, inapigwa mstari mweusi. Wino wake ulikuwa piko, ileile ambayo mkewe Ziada aliwachorea maharusi mikononi. Nati isiyo na mstari, alisema, haijakazwa, hata kama umeikaza kwa meno.

Kwa sharti hilo alitumia miezi minne kuigeuza pikipiki ya matope ya silinda moja, aliyoikuta imetelekezwa kule Rondo, ikawa pikipiki ya mbio za lami. Alizifupisha shokapu, akavua matairi yenye meno akaweka laini, akashusha usukani mpaka dereva alale kifudifudi juu ya tangi. Pikipiki za mbio zenyewe ni za wenye nazo. Kwa bei ya moja unapata shamba la mikorosho Kikole na nyumba juu yake. Bakary alikuwa na spana zake, na alikuwa na Adija, binti yake wa pekee, dereva wa bodaboda asiyejua breki imewekwa ya nini.

Ijumaa, kesho yake ikiwa mbio, alikuwa ameizungusha nati ya ekseli ya nyuma kwa vidole tu adhana ilipoita. Akaacha, akatawadha, akaenda msikitini. Aliporudi akakimbilia kabureta. Jumamosi asubuhi alizikagua nati kwa kusimama, mikono nyuma, kama bwana shamba. Nyeusi, nyeusi, nyeusi. Akaridhika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye hakuinama.

Aliinama pale kwenye mstari wa kuanzia, kwenye barabara iliyofungwa kwa ajili ya mbio, alipotaka kufuta vumbi. Kwenye nati ya ekseli hapakuwa na mstari. Palikuwa na ua, lenye petali tano na kikonyo kilichojikunja. Mkono uliolichora aliujua, na papo hapo akaikumbuka ile adhana.

"Adija, zima!"

Mikaeli, mshika bendera, alikuwa ameshaishusha.

Mizunguko mitano. Bakary alikimbia kando ya barabara akipunga kofia yake, "Simama! Gurudumu!" Adija akamwona baba yake, mtu ambaye hakuwahi kumshangilia yeyote, anarukaruka na kofia mkononi. Moyo ukamjaa. Akavuta mafuta.

Mzunguko wa pili kofia ikapungwa zaidi, naye akavuta zaidi. Bakary akamkimbilia Mikaeli asimamishe mbio, lakini sauti ilikuwa imemkauka na pikipiki kumi zinanguruma. Mikaeli akaona mzee kazidiwa na furaha, akampa maji ya kunywa.

Basi akakaa chini, akafumba macho, akaanza kumwahidi Mola mifungo ambayo Ramadhani mbili zisingeitosha.

Aliyafumbua kwa makofi ya watu. Adija alikuwa wa tatu, nyuma ya mashine mbili za wenye nazo, mzima, anacheka. Bakary hakumpongeza. Alipiga magoti nyuma ya pikipiki, akatia spana kwenye ile nati, akavuta. Haikusogea. Akavuta kwa mikono miwili. Wapi!

"Unatafuta nini huko, Baba Adija?" Ziada alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hili ua umechora wewe?"

"Kwani hapa Masoko nani mwingine anachora? Jana nilikuta nati haina alama, nikaikaza."

"Umeikaza wewe?"

"Kwa spana yako na kile kipande cha bomba unachorefushia mpini wake. Miaka yote hii nakushikia tochi, ulidhani naangalia bati? Bibi harusi hapakwi piko hajaoga, na nati haichorwi haijakazwa. Sharti si lako?"

Bakary alitaka kugomba, kwamba kazi ya fundi haiguswi bila fundi kuambiwa. Badala yake akaegemeza kichwa kwenye kiti cha pikipiki, akasema alhamdulillahi, akalia mbele za watu bila haya.

"Baba, wa tatu tu unalia hivyo?" Adija alimwinamia. "Lakini bila ile kofia yako ningekuwa wa mwisho. Kila nikiiona, nguvu zinanijia."

Bakary akamtazama mkewe. Ziada alikuwa amegeukia pembeni, anacheka ndani ya kanga.

Akaivaa kofia yake, akaiweka sawa. "Haya, mwanangu," akasema. "Mbio zijazo nitakuja na mbili."